Bei ya chini, nani anailipa?

Wandugu watumikaji, na ninyi wamama wenye kushika nyumba, chukueni fishi ya mushahara tuihesabu pamoja. Mutu akipata franka 500.000 kwa mwezi, CNSS inaomba 18%. Mutumikaji anakatwa 5%, ni kusema franka 25.000. Patroni anatosha 13% mu mufuko yake: franka 65.000. Mu ile 13%, 5 ni ya pansioni, 6,5 ni ya watoto, 1,5 ni ya ajali na magonjwa ya kazi.

Patroni mwenye watu kumi anatosha basi franka 650.000 kila mwezi. Ile inapita mushahara wa mutu mumoja. Njo pale hesabu ingine inaanza. Huyu anaandika mushahara mudogo ku karatasi, sehemu ingine anaitia mukononi. Ule anaita watu siku kwa siku, anawabadilisha mbele ya siku 22 mu miezi miwili, juu akimurudisha mutu kisha pale, sheria inahesabu kontra yake kuwa ya kudumu.

Wengine wanasema: 13% ni mingi, ipunguzwe. Tuzungumuze, sikatae. Lakini tuangalie namna kazi inagawanywa huku kwetu, Kolwezi, Likasi, Fungurume. Kampuni kubwa ya mugodi inatafuta kampuni ndogo ya kubeba ao kusafisha. Wawili wanaleta bei. Mumoja ametia CNSS ya watu wake ndani, mwingine hapana. Nani atapata kazi? Ni mwenye bei ya chini. Mara ya pili, ule mwenye kufuata sheria naye atajifunza kuficha watu. Hata tukipunguza 13% ifike 10, mwenye kulipa zero atabaki tu chini yake.

Kwa hiyo dawa iko kwa mwenye kutoa kazi. Kampuni kubwa isilipe fakture mbele ya kuona majina ya watumikaji na karatasi ya CNSS ya mwezi uliopita.

Na sisi tusilale. Fishi inaonyesha kama ulikatwa, haionyeshe kama franka zilifika. Enda ku CNSS na namba yako, uulize. Bora uulize leo ukiwa muzima. Siku jiwe litaanguka, ni bibi yako na watoto njo watalipa ile bei ya chini.