Ufundishaji wa Insha na Suala la Kujitambua

Katika mijadala yetu kuhusu ufundishaji wa Kiswahili, insha huchukuliwa kuwa chombo cha kupimia lugha. Mwalimu hukagua tahajia, upatanisho wa kisarufi, uakifishaji na methali. Akishahesabu makosa, kazi yake imekwisha. Makala haya yanashikilia kwamba mtazamo huo ni finyu. Unamnyima mwanafunzi fursa ambayo uandishi huitoa kuliko stadi nyingine yoyote ya lugha, yaani fursa ya kugundua anachokifikiri na, kwa njia hiyo, kujitambua.

Hali hii ina chanzo. Nchini Kenya, mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulimpa mtoto dakika 40 za kuandika insha moja. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE nayo humtaka mtahiniwa aandike insha mbili kwa muda wa saa 1 na dakika 45. Kwa kuwa muda ni mfupi na matokeo huamua mengi, walimu wengi wamechagua njia iliyo salama: kuwakaririsha wanafunzi mianzo, tamathali na misemo ya kupambia. Ndiyo maana insha ya mtoto wa Lodwar na ya mtoto wa Lamu hufunguliwa na jogoo yule yule aliyewika na furaha ile ile isiyo na kifani. Ukame anaoujua wa kwanza na bahari anayoijua wa pili havionekani.

Hatusemi kwamba methali na tamathali hazina thamani. Tatizo ni kwamba zimetangulizwa mbele ya wazo. Mwanafunzi hujifunza kupamba kabla ya kuwa na cha kupamba.

James Britton na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 1975 kuhusu uandishi wa wanafunzi wa Uingereza, walitofautisha uandishi wa kutekeleza shughuli, uandishi wa kisanaa na uandishi wa kujieleza. Huu wa mwisho, ulio karibu na mazungumzo ya kawaida, waliuona kuwa chimbuko la zile aina nyingine mbili. Fikra hiyo si ngeni kwetu. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi yapata mwaka 1858, na Shaaban Robert alipoandika Maisha Yangu, kila mmoja alianza na maisha aliyoyaishi.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anaandika kwamba nyanya yake ni mkarimu na mwenye huruma. Sentensi haina kosa, nayo hupata alama. Lakini mwalimu akiandika pambizoni, “Ulijuaje kwamba ni mkarimu?”, mwanafunzi analazimika kurudi nyumbani kimawazo. Katika rasimu ya pili anaeleza kwamba chakula kikiwa kidogo, nyanya husema amekwisha kula. Na hapo, pengine kwa mara ya kwanza, anatanabahi kwamba nyanya hakuwa amekula. Jambo hilo hakulijua alipoanza kuandika. Ni kalamu iliyomfikisha. Hakuna orodha ya misemo ambayo ingemfikisha huko.

Watakaopinga watauliza: sarufi je? Sarufi haitupwi, bali hupewa zamu yake. Rasimu ya kwanza isomwe kwa maana, na ya mwisho isahihishwe kwa lugha. Mwanafunzi aliye na jambo la kusema huuona upatanisho wa kisarufi kuwa msaada, wala si mtego. Watasema pia kwamba madarasa ni makubwa. Ni kweli, lakini si kila kinachoandikwa sharti kitiwe alama, na wanafunzi wanaweza kusomeana wawili wawili na kuulizana maswali.

Pingamizi lililo zito zaidi linahusu faragha. Kujitambua si kujianika. Yatima asilazimishwe kusimulia msiba wake ili mwalimu aridhike. Kila mwanafunzi awe na haki ya kuchagua mada nyingine, na haki ya kuukunja ukurasa usisomwe na yeyote.

Suala hili haliishii shuleni. Tasnifu nyingi tunazozisimamia zimejaa “wataalamu mbalimbali wamesema”, na msomaji hufika hitimisho bila kujua mwandishi mwenyewe anasema nini. Huyo ni yule mtoto wa jogoo aliyewika, amekua na kubadilisha misemo tu. Kwa hiyo, tunapendekeza kwamba idara zinazowaandaa walimu wa Kiswahili ziwape wanagenzi wao kazi ya kuandika na kuandika upya, badala ya kuwafundisha tu jinsi ya kusahihisha. Mwalimu ambaye hajawahi kugundua lolote kwa kalamu yake hawezi kutarajiwa kuutambua ugunduzi wa mwanafunzi unapojitokeza katikati ya makosa ya tahajia.