Unatumia dawa za moyo? Soma hapa kabla ya kumeza dawa ya nguvu za kiume

Kila tunapozungumzia magonjwa ya moyo hewani, wanaopiga simu studio huuliza kuhusu chumvi, mafuta na mazoezi. Ujumbe mfupi unaoingia kipindi kikishakwisha, mara nyingi bila jina, huuliza jambo jingine: "Natumia dawa za moyo. Naweza kutumia dawa ya kuongeza nguvu za kiume?" Swali hilo halijibiki kwa nusu dakika, na jibu baya linaweza kuua. Ndiyo maana tumeliandika hapa, mtu alisome kwa nafasi yake.

Ni dawa ya mishipa ya damu

Sildenafil, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra, haikuanza kama dawa ya chumbani. Watafiti wa kampuni ya Pfizer nchini Uingereza walikuwa wanatafuta tiba ya kifua kinachobana kwa sababu moyo haupati damu ya kutosha. Katika kazi hiyo haikufua dafu, lakini baadhi ya wanaume waliojaribiwa walieleza kwamba uume ulikuwa unasimama. Machi 1998 Marekani ikaiidhinisha kwa tatizo la nguvu za kiume.

Historia hiyo inatufundisha jambo moja. Dawa hii, pamoja na ndugu zake tadalafil na vardenafil, hutanua mishipa ya damu, na athari yake haiishii kwenye kiungo kimoja.

Hatari inatoka wapi?

Baadhi ya wagonjwa wa moyo hupewa dawa za kundi linaloitwa naitreti. Maarufu zaidi ni kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana. Kwenye boksi utasoma glyceryl trinitrate, isosorbide dinitrate au isosorbide mononitrate. Nazo hutanua mishipa.

Fikiria bustani inayomwagiliwa kwa mfereji. Naitreti ni kama mtu anayefungulia maji kwa wingi. Sildenafil ni kama mtu aliyeziba mahali maji yanapotokea. Kila mmoja peke yake, bustani inahimili. Wakifanya kazi kwa pamoja, inafurika. Mwilini maana yake ni kwamba mishipa inalegea kupita kiasi na presha inaporomoka ghafla. Mtu anapata kizunguzungu, anatoka jasho la baridi, anazimia. Moyo ambao tayari ni mgonjwa unakosa damu, na anaweza kufa.

Kuachanisha vidonge kwa saa mbili tatu hakusaidii. Aliyemeza sildenafil au vardenafil hapaswi kupewa naitreti ndani ya saa 24. Kwa tadalafil, ambayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi, ni saa 48. Na anayetumia naitreti kila siku hapaswi kuzigusa kabisa dawa hizi. Kuacha dawa ya moyo kwa siku moja ili "upate nafasi" ni hatari nyingine juu ya ile ya kwanza.

Si kila mgonjwa wa presha amefungiwa mlango. Wengi wanaotumia dawa za kawaida za presha, kama amlodipine, wanaweza kuandikiwa sildenafil baada ya daktari kuwapima. Wanaotumia tamsulosin au doxazosin, ambazo hutolewa kwa tatizo la tezi dume, wanahitaji uangalifu zaidi kwa sababu nazo hushusha presha.

Unga usiosema kilichomo

Vijijini kwetu wengi hawanunui sildenafil kwa jina lake. Wananunua unga, asali au vidonge visivyo na maandishi, mnadani au stendi, kwa ahadi kwamba ni mitishamba mitupu. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekamata mara nyingi bidhaa za namna hiyo, zinazoitwa za asili, zikiwa zimechanganywa na sildenafil kwa siri. Mgonjwa wa moyo anazimeza akidhani ni mizizi.

Mwaka 2008 nchini Singapore watu 150 wasio na kisukari walilazwa hospitali kwa kushuka vibaya kwa sukari mwilini. Uchunguzi ulielekea kwenye dawa za nguvu za kiume zilizouzwa kinyume cha sheria, zikiwa na dawa ya kisukari ndani yake. Wanne walifariki.

Supu ya pweza na karanga mbichi hazina ugomvi na kidonge cha chini ya ulimi. Unga usiojulikana kilichomo unaweza kuwa nao.

Kwa nini wanaume wanakwenda mnadani?

Kwa sababu muuza unga haulizi maswali. Zahanati ina foleni, dirisha la dawa liko wazi kwa kila sikio, na mhudumu huenda ni binti wa jirani. Aibu hiyo ina bei kubwa. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo ikianza kuziba, tatizo la nguvu za kiume linaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka. Kisukari, presha na sigara huharibu sehemu zote mbili. Anayefunika dalili hiyo kwa unga anazima king'ora huku nyumba inaungua.

La kufanya

Nenda kliniki na maboksi yako yote ya dawa. Omba kuzungumza faragha na uulize: "Hizi zina naitreti?"

Kifua kikibana baada ya kumeza dawa ya nguvu za kiume, usiweke kidonge chini ya ulimi. Acha tendo, pumzika, wahi hospitali, na useme umemeza nini na saa ngapi. Ukificha, mhudumu anaweza kukupa naitreti kwa nia njema kabisa, na ikakuua.

Akina mama, kama mzee amezidiwa na hawezi kusema, semeni ninyi. Wahudumu wa afya nao tunawaomba wamuulize kila mwanaume anayelalamika kifua, kwa sauti ya chini, bila kucheka.