Daftari la Wiki: Anayelipua na Anayevuta

Jumatatu, Keroka. Mji mmoja, kaunti mbili: huku Kisii, kule Nyamira. Mpwa wangu wa kidato cha pili alinifungulia daftari lake la Kiingereza. Wamepewa misemo ya mitaani ya kuwaelezea watu kazini, naye ameitafsiri neno kwa neno. “Cut corners” kaandika kukata kona.

“Mjomba, si dereva wa matatu anakata kona kutwa? Kosa lake nini?”

Swali zuri. Nikamwambia aache kona, amtafute mtu anayelipua kazi. Papo hapo akamkumbuka fundi aliyewajengea jiko: simiti kiduchu, mchanga tele, ukuta ukapasuka kabla ya mvua ya pili. Msemo ukamkaa.

Nikamtahadharisha na “eager beaver”. Ni mtu wa bidii, sawa, lakini mara nyingi Mwingereza husema hivyo akiwa amechoshwa na kiherehere chake. Ukijisifu hivyo kwenye barua ya kuomba kazi, umejichongea. Orodha ya maana haikuonyeshi hilo; mwalimu lazima aliseme.

Jumatano, Nyansiongo. Umande haujakauka na wachumaji wako kwenye chai, majani mawili na chipukizi, mkono haupumziki. Anayebeba makuukuu hurudishiwa kituoni. Nilikuwa nikiuwaza msemo “pull your weight”. Kwa asili ni wa wapiga makasia: kila mmoja avute kwa nguvu inayotosha kuubeba uzito wake mwenyewe mtumbwini. Hapa uzito unaning’inia kwenye mizani na mchumaji hulipwa kwa kilo. Lakini Wagusii walikuwa na kipimo kingine, risaga, majirani wakikusanyika kulima shamba la mmoja wao. Mizani haikuwepo. Mlisimama safu moja na majembe, na aliyetegea alibaki nyuma peke yake, kila jicho likimwona. Naamini kabisa somo la msemo huu lianzie kwenye safu ile; makasia yatafuata.

Ijumaa, Tabaka. Mama mmoja anasugua bakuli la jiwe la sabuni kwa msasa na maji. Limeshang’aa, kwa macho yangu. Akapitisha ukucha ukingoni, akasikia mkwaruzo, akalirudisha majini.

“Bado, mwanangu.”