Kofia za Kipupwe: Tuanze na Mdogo

Mvua zikiisha na mpunga ukianza kuvunwa, baridi ya alfajiri huingia. Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi kuliko yote hapa kwetu. Usiku anga huwa wazi, joto la ardhi likapaa, nayo hewa baridi hushuka ikakaa mabondeni. Ndiyo maana hapa Kakese atokaye nyumbani kwenda majarubani hujiona ameingia penye baridi nyingine, na apandaye baisikeli kwenda Mpanda kabla ya jua masikio humwuma.

Basi watu huenda mnadani kununua kofia. Mara nyingi nimeona baba amevaa mzula mzuri, mama amejitanda kanga, na mtoto mgongoni kichwa wazi. Hapo mambo yamegeuzwa. Kichwa cha mtu mzima ni kama sehemu moja katika kumi ya mwili wake. Cha mtoto mchanga ni karibu sehemu moja katika tano. Yeye hupoa upesi, wala hajaweza kutetemeka kama sisi ili apate joto. Akipoa sana hulegea, akashindwa kunyonya. Na aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia aweza kufa. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto mchanga avikwe kofia, na asiogeshwe mpaka saa 24 zipite tangu kuzaliwa. Fedha ikitosha kofia moja tu, ni yake.

Katika kuchagua, usitazame ua wala nembo ya timu. Angalia kama inafunika masikio. Vuta ukingo, kisha uachie: ukirudi, yafaa; ukibaki umelegea, upepo utaingia. Sufu ni bora, kwani hata ikilowa umande hutunza joto. Pamba ikilowa huwa baridi tupu. Mizula mingi ya mitumba ni ya nyuzi za kiwandani. Nayo yafaa, tena hukauka upesi, ila isikaribie moto, maana huyeyuka ikaganda kwenye ngozi. Kijana mchungaji anayeota moto alfajiri aambiwe hilo waziwazi. Kofia yenye kamba za shingoni, mtoto asilale nayo.

Mtumba ufuliwe kwa sabuni na kuanikwa kabla ya kuvaliwa, na kila mtoto awe na wake, kwa kuwa mapunye huhama kwa kofia. Sufu usiifue kwa maji ya moto, itanywea.

Kina mama mnaofuma vitambaa vya makochi, sindano mnazo tayari. Kofia ya mtoto ni kazi ndogo kuliko kitambaa kimoja cha meza, na kichwa cha kupimia mnacho mgongoni.

Wenye pikipiki wavae mzula mwembamba chini ya helmeti. Mnene huifanya ikae juujuu. Na kanisani akina baba huvua kofia, lakini mtoto wa ubatizo mleteni na yake. Itavuliwa wakati wa maji tu, kisha kichwa kikaushwe vizuri, avikwe tena.