Usiguse hela ya mzigo kwa ajili ya kompyuta ya kuediti

Wajasiriamali wa Songea, siku hizi kila anayeuza mtandaoni anataka kuunganishiwa kompyuta yake ya kuediti video. Wazo ni zuri. Shida ni pale tunapoanzia: kadi kubwa ya grafiki na keisi yenye taa, hela ikikata ndipo tunakumbuka mengine. Mimi nasema bajeti ianzie kwenye video zenyewe.

Mteja wako anatazama kwa simu. Video ya TikTok au Instagram ya 1080 kwa 1920 inamtosha kabisa. Ukibaki hapo huhitaji mashine ya 4K, na gharama inashuka.

Sasa piga hesabu. Tuseme anayekueditia anachukua 10,000 kwa video na unatoa video 8 kwa mwezi. Hiyo ni 80,000. Kompyuta ya 1,200,000 itarudisha hela yake baada ya miezi 15, na hapo hujahesabu umeme wala muda wako. Kama unatoa video 2 tu, ni miezi 60, yaani miaka 5! Wewe baki na CapCut kwenye simu, hela iende kwenye mzigo.

Hesabu ikikubali, nunua kwa mpangilio huu:

1. Prosesa na RAM. Anza na RAM ya GB 16, kwenye madabodi yenye nafasi ya kuongeza. Ukichukua Intel, angalia herufi ya mwisho. Yenye F haina grafiki ya ndani, kwa hiyo utalazimika kununua kadi siku hiyohiyo. Isiyo na F inakuruhusu kuanza kazi bila kadi.

2. SSD kwa programu na kazi unayoifanya sasa. Video zilizokwisha zihamie kwenye HDD ya kawaida, na nakala nyingine iwe nje ya kompyuta.

3. Pawa saplai ya uhakika na UPS. Umeme ukikatika, UPS inakupa dakika chache za kusevu na kuzima vizuri.

4. Kadi ya grafiki iwe ya mwisho. Ila kama utatumia DaVinci Resolve, hata ile ya bure, programu hiyo inaitegemea sana kadi. Hapo ipandishe juu.

Wapo watakaosema chukua mtumba wa ofisini, ni bei rahisi. Sipingi, kwa kazi ndogo zinafaa. Lakini fungua uone ndani kwanza. Nyingi za keisi ndogo hazipokei kadi kubwa, na pawa saplai zake zina umbo lake, ikifa hupati mbadala kirahisi.

Halafu kuna umbali. Ukiagiza Kariakoo, kifaa kinasafiri zaidi ya kilomita 900 hadi stendi ya Songea. Kikifika kibovu, kukirudisha ni nauli juu ya nauli. Kabla hujatuma hela uliza: warranti ni ya muda gani? Nauli ya kurudisha analipa nani? Mwambie muuzaji akiwashe akurekodie video, namba ya kifaa ionekane, na risiti iandikwe namba hiyohiyo. Ukiweza, chukua vyote duka moja, maana ukichanganya maduka, kompyuta ikigoma kila mmoja atamsukumia mwenzake. Asilimia 10 ya bajeti iache pembeni kwa ajili ya usafiri na dharura.

Na hela hiyo itoke kwenye faida, kidogokidogo kila mwezi. Ukichukua ya mzigo, utakuwa na mashine nzuri ya kutangaza bidhaa ambazo dukani hazipo. Mteja akiuliza mara mbili akakuta hakuna, anahamia kwa jirani.

Wewe unatoa video ngapi kwa mwezi? Weka hesabu yako hapa chini tuipige pamoja.