Leso Isikatwe Jina: Nguo za Viraka na Mipaka ya Fasihi

Mara nyingi leso huingia katika darasa la fasihi ikiwa imekatwa. Mtafiti hulinukuu jina lake daftarini, akalitia katika kundi la methali au la mafumbo, kisha akairudisha nguo kwa mwenyewe. Pindo halitajwi, mji hautajwi. Aliyeinunua, aliyenunuliwa, na siku ilipovaliwa makusudi ili jirani asome, hayo yote huachwa nje ya tasnifu. Kinachobaki ni orodha ya sentensi, na orodha hiyo si leso, kama vile mkusanyiko wa vibwagizo usivyoweza kuitwa diwani. Makala haya yanashikilia kwamba nguo inayosema ni utungo kamili, na kwamba inapaswa kukusanywa pamoja na maneno ya wenyewe. Hoja hii hudhihirika zaidi inapotazamwa sanaa iliyo mbali na pwani ya Afrika Mashariki, nayo ni mifarishi ya viraka inayoshonwa na watu wengi juu ya dhamira moja.

Mfarishi ni tandiko la matabaka: juu viraka vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima, na mishono ikiyashika yote pamoja. Sanaa hii ina mizizi mirefu Marekani, na huko ndiko ulikozaliwa mfano mashuhuri wa kazi ya mikono mingi. Mwaka 1987, jijini San Francisco, Cleve Jones na wenzake walianza kushona vipande vya kuwakumbuka waliofariki kwa UKIMWI. Kila kipande kilipewa kipimo kimoja, futi 3 kwa futi 6, karibu sawa na kaburi la mtu mzima. Ndani ya kipimo hicho mshonaji alikuwa huru. Kuna aliyetia jina pekee, kuna aliyeshonea shati la marehemu, na kuna aliyeongeza barua au picha. Vipande 8 huunganishwa vikawa mraba wa futi 12. Tarehe 11 Oktoba 1987 vipande 1,920 vilitandazwa jijini Washington; leo vinakaribia 50,000.

Msomi wa arudhi hapaswi kuuona utaratibu huu kuwa mgeni. Kipimo kwa kipande ni kama mizani kwa mshororo. Mraba ni ubeti, na dhamira ndiyo inayozuia beti zisitawanyike. Aidha, kipande kimoja kikitolewa na kutundikwa peke yake hubaki ukumbusho wa mtu mmoja. Kikirejeshwa penye wenzake huwa sehemu ya hoja nzito zaidi, yaani wingi wa waliokufa katika jamii iliyochelewa kuwataja.

Wapo watakaodai kwamba dhamira ya pamoja humfunga msanii. Dai hili lina ukweli wake. Dhamira iliyoletwa na mfadhili, ikiwa imekwisha kufungwa na kupigwa muhuri, aghalabu huzaa kaulimbiu wala si sanaa. Lakini dhamira inayotoka kwa wafiwa wenyewe ni jambo jingine. Katika malumbano, mshairi anayejibu huweza kuipokea bahari ya mwenzake, vina na mizani yake, na bado sauti yake ikatambulikana. Vivyo hivyo, kijijini Hamburg, katika mkoa wa Eastern Cape nchini Afrika Kusini, wanawake wa mradi wa Keiskamma walikamilisha mwaka 2005 madhabahu ya nguo iliyotariziwa, wakiufuata mpangilio wa madhabahu ya Isenheim iliyochorwa na Matthias Grünewald katika karne ya 16. Mchoro wa kale uliokusudiwa wagonjwa wa Ulaya ukageuzwa kuwa wa kijiji chao kilichokumbwa na UKIMWI, na nyanya waliobaki kulea wajukuu wakapewa nafasi ndani yake. Umbo lilikuwa la kuazima. Kilio hakikuwa cha kuazima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba malighafi ya fasihi ni lugha, na uzi si lugha. Hata hivyo, nguo hizi haziishi bila maneno. Mfarishi wa San Francisco unapotandazwa, majina ya marehemu husomwa kwa sauti, moja baada ya jingine, mbele ya hadhira. Huo ni utendaji, na utendaji ni uti wa mgongo wa fasihi simulizi.

Mfano wa Harriet Powers unafunza zaidi. Mwanamke huyu alizaliwa utumwani katika jimbo la Georgia mwaka 1837. Alishona mfarishi wenye picha 11 za visa vya Biblia, akauonyesha mwaka 1886. Msanii Jennie Smith alitaka kuununua, Powers akakataa. Dhiki ilipombana miaka michache baadaye aliuuza kwa dola 5, ingawa alikuwa ametaja 10. Kabla ya kuachana nao alieleza maana ya kila picha, naye Smith akaandika. Maelezo hayo yamepita katika kalamu ya mnunuzi, na hiyo ni kasoro; lakini yasingekuwapo, wasomaji wa leo wangebaki kukisia tu. Historia ya ushairi wa Kiswahili ina kisa cha jinsi hiyo. Tungo nyingi za Muyaka bin Haji zimetufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua alizikusanya Mombasa na kumsaidia W. E. Taylor kuzihifadhi.

Leso bado haijampata Sikujua wake. Kwa hiyo, mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya leso na aeleze pindo, mji na jina kwa pamoja, kisha anukuu kauli ya mwenye leso kwa lahaja yake, iwe Kimvita au Kiamu: aliipata kwa nani, aliivaa lini, alikusudia nani asome, naye alijibiwa kwa leso gani. Mwenye leso akiridhia, atajwe kwa jina kama anavyotajwa mshairi. Asiporidhia, siri yake iheshimiwe. Leso zilizojibizana zisomwe pamoja, kama yasomwavyo malumbano, wala zisitenganishwe kwa mpangilio wa alifabeti.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji mkeka, daftari na subira ya kumsikiliza bibi akilifungua sanduku lake na kuitoa nguo moja baada ya nyingine. Inapasa ifanywe sasa, maadamu wenye masanduku hayo wangali hai.