Zebaki Usoni mwa Dada Zetu

Sisi wa Maganzo, jirani na almasi ya Mwadui, zebaki tunaijua. Ndugu zetu wa Geita huikamatia dhahabu, kisha huichoma, na moshi wake hudhuru ubongo. Basi ijulikane kwamba zebaki hiyo hiyo imo katika baadhi ya krimu za mkorogo wanazopaka dada zetu asubuhi na jioni, wakidhani ndiyo maendeleo. Huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, hupenya mwilini, huharibu figo. Na mama mja mzito humfikishia mtoto tumboni.

Jambo hili si geni. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga vita krimu hizo pamoja na sketi fupi na nywele za bandia, na Operesheni Vijana ikaanza tarehe 1 Januari 1969. Wasichana wakazomewa na kusumbuliwa njiani. Hapo tunasema wazi: wenzetu walikosea. Sketi fupi haijapata kuua figo ya mtu!

Marufuku ya krimu hizi ipo, lakini bado zinauzwa. Na nani aliyemfundisha binti kuuchukia uso wake? Ni sisi vijana wa kiume tunaosifu weupe, na wazee wanaoongeza ng'ombe wa mahari kwa ajili ya rangi ya bibi arusi. Katika mkutano ujao wa tawi tutaleta hoja hii, na wa kwanza kuulizwa watakuwa wenye maduka na wenye ng'ombe.